Paka wa Elfu Tano na Mia Nne

Jumatatu, 4 Mei

Nimeanza shajara. Siku nitakapokuwa mhasibu mkuu wa shirika kubwa, watu watataka kujua nilianzaje, na sitaki wakaelezwe na wenye wivu.

Hali ilivyo leo. Mwaka wa tatu, shahada ya uhasibu na fedha. Somo la ukaguzi wa hesabu limebakiza kazi moja tu, nayo ina nusu ya alama zote. Kila mwanafunzi atafute biashara ndogo, aiandikie hesabu za mwezi mzima, mwenye biashara asaini kwamba hesabu ni za kweli, kisha mwanafunzi mwenzake aende kuzikagua kwenye biashara yenyewe. Kukabidhi ni Jumanne ijayo. Anayeanguka anarudia mwaka.

Biashara yangu ni duka la ushonaji la shangazi. Ndiye anayenilipia ada tangu mwaka wa kwanza, kwa kushona sare za shule moja baada ya nyingine, na wiki iliyopita alinitamkia wazi kwamba mwaka wa kurudia halipi. Nikianguka, ipo mashine ya vifungo pale kwenye kona, haina mtu. Alisema hivyo akicheka. Fundi wake wa suruali hakucheka. Alinipima kwa macho kuanzia mabegani kwenda chini, kama anayehakikisha kwamba nitaenea pale kwenye kona.

Mimi na vifungo! Mtu aliyepata B ya takwimu.

Jumanne, 5 Mei

Nimeonewa na namba.

Nimemaliza kuandika stakabadhi zote za duka, mia mbili na kumi na moja. Vitambaa, nyuzi, zipu, umeme, sare zilizouzwa. Kidole kimeota sugu. Kisha nikatengeneza urari, yaani jedwali la pande mbili ambazo lazima zilingane, kushoto na kulia. Hazikulingana. Upande wa kushoto umepungukiwa na 5,400.

Nimerudia kukagua mara mbili (ya pili sikumaliza). Kosa silioni. Maana yake kosa si langu.

Nimekwenda kwa mhadhiri wa ukaguzi kumuuliza, kwa heshima zote, kama 5,400 si kiasi kidogo tu kwa biashara ya namna ile. Akasema kama nakiona kidogo nimletee yeye, atakipokea. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Kati yao alikuwemo Mizania.

Mizania ni jina alilopewa na darasa zima, kwa sababu hesabu za msichana huyu hukubali mara ya kwanza, kila mara. Ana kikokotoo kilichovishwa mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Mtu anayekivalisha kikokotoo nguo ana lake jambo. Mwaka wa kwanza alinisahihisha mbele ya watu, nami sijasahau, ingawa nilichokosea nimekisahau.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata dawa. Wakati mwingine najishangaa.

Nilikuwa dukani nikizitazama zile namba nizichukie vizuri. Shangazi akainua suruali ya mteja, mfuko mmoja una tundu. Panya. Akalalamika kwamba mwezi huu hii ni ya tatu. Hapo hapo akili ikafunguka. Duka lenye panya linahitaji paka. Paka ananunuliwa. Bei ya paka haijaandikwa mahali popote duniani, kwa hiyo hakuna wa kunibishia.

Nikaandika upande wa kushoto: Paka wa kudhibiti panya, 5,400.

Pande mbili zikalingana. Nilikaa nikizitazama kwa muda mrefu. Ni kitu kizuri sana, na wasiosoma uhasibu nawasikitikia.

Shangazi akavaa miwani asome kabla ya kusaini. Akafika kwenye paka, akasimama. Akauliza huyu paka ni nani. Nikamwambia ni istilahi, ndivyo tunavyofundishwa chuoni, ni vigumu kumweleza mtu wa nje. Akasema sawa baba, nyie ndio mnaojua, akasaini jina lake lote kwa herufi kubwa.

Jumla ya kazi: dakika nne. Mizania hutumia wiki.

Alhamisi, 7 Mei

Hujuma.

Leo tumepangiwa wakaguzi kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Wanafunzi sitini na watatu. Anayeniangukia mimi ni nani? Mizania. Nilidai kofia itikiswe upya. Kiongozi wa darasa akasema kofia imeshatikiswa. Nikamweleza kwamba kama mtaalamu mtarajiwa wa ukaguzi nina mashaka na hiyo kofia. Akaivaa akaondoka zake.

Basi nikapiga moyo konde, nikabadili mbinu. Mchana nikamfuata Mizania kantini nikamvika kilemba cha ukoka. Nikamsifia mwandiko. Nikausifia mpaka mfuko wa kikokotoo. Nikamnunulia chai na maandazi mawili. Akashukuru, akala, akafungua daftari lake dogo akaandika. Nilichungulia. Ameandika: Chai moja, maandazi mawili, kutoka kwa mkaguliwa, kabla ya ukaguzi. Na bei yake.

Hana utu hata kidogo. Na andazi la pili hakulimaliza.

Ijumaa, 8 Mei

Ameleta hoja zake za ukaguzi kwa maandishi, zimepigwa mistari kwa rula. Hoja mbili, zote za paka.

Hoja ya kwanza: stakabadhi ya kumnunua paka iko wapi? Hii si ngumu. Nimejibu kwamba wauza paka hawatoi stakabadhi, na anayebisha anitajie mmoja anayetoa.

Hoja ya pili ndiyo imeniudhi. Anauliza paka anatarajiwa kutumika miaka mingapi. Nikajibu mitano, nikijua nimemkomoa. Akasema kumbe basi huyu ni mali ya kudumu, kama cherehani, na mali ya kudumu huchakaa. Uchakavu wa kila mwezi uko wapi? Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama: 5,400 kwa miaka mitano ni 1,080 kwa mwaka, ni 90 kwa mwezi. Nikamwambia ni uzembe mdogo, nitaurekebisha.

Nikauandika upande wa kushoto, uchakavu wa paka, 90. Sasa upande huo umezidi kwa 90! Paka huyu ananichosha kabla hata hatujaonana.

Nimekaa jioni nzima. Mwishowe nikapata. Upande wa kulia nimeandika: Mapato ya kumkodisha paka kwa muuza nyama jirani, 90. Pande zimelingana tena. Duka la shangazi sasa lina chanzo kipya cha mapato, na sijasikia mtu akinishukuru.

Jumamosi, 9 Mei

Ujumbe kutoka kwa Mizania. Jumatatu saa nne atakuja dukani kuhakiki mali kwa macho. Ameongeza: ikiwemo ya miguu minne.

Kuhakiki kwa macho! Tangu lini neno la msomi halitoshi?

Ninahitaji paka. Mtaa mzima umebarikiwa paka mmoja tu, naye ni wa muuza nyama. Yaani yule yule ambaye, kwa mujibu wa vitabu vyangu, anamkodi kutoka kwetu. Nimekwenda hivyo hivyo kumwazima. Paka mwenyewe ni jike, mnene mno, tumbo linakaribia kugusa sakafu, bila shaka kwa kula vipande vya nyama. Muuza nyama akauliza naumwa nini. Tukajadiliana. Amekubali kunipa Jumatatu kuanzia saa tatu hadi saa sita, kwa malipo ya aproni moja kushonwa kiraka na suruali mbili kukunjwa pindo, bure. Nimekubali kwa niaba ya shangazi. Sijamwambia, ana mambo mengi.

Fundi wa suruali ametusikia. Nimemwomba anitunzie siri. Akasema yeye hasemi uongo, umri umeshakwenda, ila anaweza kuwa ametoka kwenda kula. Nimemshika mkono kama mwanaume kwa mwanaume.

Jumatatu, 11 Mei

Nimedhalilishwa. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa tatu nilimchukua paka. Saa tatu na nusu alikuwa ameshanichana mkono mara mbili na kulalia koti la bwana harusi. Nikamfunga kwa lastiki kwenye mguu wa meza ya kukatia vitambaa. Lastiki haikuwa chaguo zuri. Kila akienda mbele ilimrudisha nyuma, na kila ikimrudisha alinikodolea macho mimi. Shangazi aliuliza paka wa nani huyu. Nikamwambia ni wa masomo.

Saa nne kamili Mizania akaingia. Shikamoo kwa shangazi, shikamoo kwa fundi wa suruali, kwangu salamu ya kichwa tu. Akahesabu vitambaa. Akahesabu fedha za kwenye sanduku hadi sarafu ya mwisho, zikalingana kabisa na daftari la fedha. Nikaanza kuvimba kichwa. Kisha akaomba aonyeshwe paka.

Nikamwonyesha. Akaandika: rangi kahawia na nyeupe, hali mnene. Akauliza kwa nini mali ya duka imefungwa. Nikamjibu kwamba ni udhibiti wa ndani. Jibu zuri sana, naliandika hapa lisipotee.

Akafungua tena daftari la fedha. Akasema kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba anaona paka ameingia dukani, ila haoni fedha zilizotoka kumnunua. Akauliza kama paka alijileta mwenyewe. Fundi wa suruali, ambaye saa hiyo alitakiwa awe anakula, alikohoa ndani ya suruali aliyoishika.

Kabla sijajibu akaingia muuza nyama. Saa tano! Tulikubaliana saa sita! Alikuwa na suruali zake mbili begani na aproni mkononi. Mizania akamsalimia, akamuuliza kama ndiye mteja anayemkodi paka wa duka kwa 90 kwa mwezi. Muuza nyama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama paka. Akasema paka ni wake, amezaliwa chini ya meza yake ya nyama, na ikiwa kuna mtu anayemkodisha mwenzake paka basi ni yeye, na malipo ndiyo haya, pindo mbili na kiraka. Akavitua mezani mbele ya shangazi.

Shangazi akauliza ni nani aliyeahidi pindo. Akaichukua karatasi ya hesabu, akaweka kidole kwenye mstari wa paka. Akamwambia Mizania kwamba Jumatano aliuliza, akaambiwa ni istilahi. Akasema siku ile alishona hadi jioni amefurahi, kwamba hata kwao yupo anayejua istilahi.

Hapo niliumia. Sitaficha.

Kisha akafungua droo ya cherehani, akatoa daftari la shule lililochakaa, lenye jalada la gazeti. Kumbe miaka yote huandika humo kila kinachoingia na kutoka, kwa penseli. Hakuwahi kuniambia. (Hakuwahi kuulizwa, akasema fundi wa suruali, ambaye hakuombwa maoni.) Mizania akavua mfuko wa kikokotoo. Akagawanya 5,400 kwa tisa. Ikatoka 600, bila baki. Akasema tofauti ikigawanyika kwa tisa, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, tulifundishwa wiki ya pili ya mwaka wa kwanza. Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza mimi nilikuwa natafuta kitanda hosteli!

Akapitisha kidole kwenye daftari la shangazi na kwenye leja yangu. Tarehe 17, zipu. Shangazi: 9,300. Mimi: 3,900.

Alitumia dakika tatu. Nilimwambia ni bahati.

Shangazi hakunikaripia. Alimfungua paka lastiki, akamkabidhi kwa mwenyewe, kisha akachukua suruali za muuza nyama akaanza kuzikunja pindo kimya kimya, kwa sababu jina la duka limeshaahidi. Ningependa zaidi angepiga kelele.

Jumanne, 12 Mei

Nimekabidhi. Sina la kusema.

Lipo moja. Mizania ameyaambatanisha yale maandazi kwenye ripoti yake.

Jumatano, 13 Mei

Nimeitwa na mhadhiri. Ripoti ya Mizania ilikuwa mezani, kurasa kumi na moja, sita za paka. Akasema katika miaka yake yote ya kufundisha amewahi kuona wafanyakazi hewa, mafuta hewa na hata daraja hewa, ila paka hewa mwenye uchakavu ni wa kwanza. Akauliza nina la kujitetea. Nikasema uchakavu wenyewe niliukokotoa sawasawa. Akakiri kwamba ndiyo, 90 ni sahihi. Nilitaka aliweke hilo kwa maandishi. Hakutaka.

Nilidhani nimekwisha. Akavuta pumzi, akasema anayestahili kuniadhibu si yeye, ni mwanamke aliyesaini kwa kuniamini, naye amempigia simu. Shangazi amempigia simu mhadhiri! Ameomba nipewe nafasi nyingine moja. Kwa hiyo naandika upya hesabu za mwezi mzima unaofuata, kuanzia stakabadhi ya kwanza, kukabidhi tarehe 15 Juni. Zikikosewa narudia mwaka, bila mjadala. Na mkaguzi ni yule yule.

Nilipofika dukani kushukuru, shangazi alikuwa ameivuta mashine ya vifungo kutoka kwenye kona, anaipangusa vumbi. Akasema ni usafi tu.

Nimejirekebisha. Kuanzia leo nitaandika kilichotokea, jinsi kilivyotokea. Mbona ni rahisi.

Jumapili, 14 Juni

Mwezi mzima wa uaminifu. Nimeandika kila uzi na kila zipu, na zipu nimezisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, fundi wa suruali akiitikia. Nimenunua mpaka kalamu mpya. Asubuhi ya leo nimetengeneza urari kwa moyo mweupe.

Upande wa kushoto umepungukiwa na 2,700.

Nauliza: uaminifu una faida gani? Mtu anaacha hila, anakuwa mtu mwema mwezi mzima, na namba zinamtendea vile vile! Mizania amepita kuchukua gauni lake, akaiona sura yangu, hata hakuuliza tofauti ni ngapi. Akasema jaribu kugawanya kwa tisa. Sitagawanya kwa tisa. Mtu ana heshima yake. Na stakabadhi safari hii ni mia mbili na arobaini, kukabidhi ni kesho, na daftari la shangazi limejaa penseli iliyofifia, linaumiza macho.

Ila kuna jambo. Yule paka wa muuza nyama, tangu siku ile, amekataa kukaa kwake. Kila akirudishwa anakuja. Wiki iliyopita ameingia kwenye sanduku la mabaki ya vitambaa, na kumbe ule unene haukuwa wa nyama. Wamezaliwa watatu. Muuza nyama amesema hao tubaki nao, yeye ana panya wachache kuliko sisi.

Watatu. Mara 900.

Nimeandika upande wa kushoto: Paka wadogo, watatu, 2,700. Pande zimelingana kabisa. Huu si ule upuuzi wa Mei. Hawa wapo, wanalia, yeyote anayetaka kuwahakiki kwa macho na aje. Na kuhusu fedha ambazo hazikutoka, jibu ninalo tayari: hawa kweli walijileta wenyewe. Hatimaye Mizania atanyamaza.

Jioni nimempa shangazi karatasi asaini. Amevaa miwani, ameisoma mstari kwa mstari, taratibu, mpaka chini. Kisha akauliza kama safari hii kuna istilahi yoyote. Nimemwambia hakuna. Akasaini jina lake lote kwa herufi kubwa.

Kisha akachukua kopo la mafuta ya cherehani akaenda kuilainisha mashine ya vifungo, na kiti cha mashine hiyo akakishusha kidogo kimtoshe mtu wa urefu wangu. Sijui kwa nini. Fundi wa vifungo hatuna.